Madrasa za bweni zijitegemee: kwa wakfu au kwa mikono ya wanafunzi?

Mwanzisha mada
Assalaam alaykum. Kila Ijumaa hapa Mombasa utamkuta ustadhi mlangoni mwa msikiti, kitabu cha risiti mkononi, akichangisha unga wa watoto wa dahalia. Ramadhani stoo hujaa mchele na tende. Mfungo mosi ukiisha, madrasa inakopa dukani. Wafadhili wa nje nao hawana uhakika: baada ya bomu la Nairobi mwaka 1998, serikali ilifuta usajili wa mashirika kadhaa ya misaada ya Kiislamu.

Wapo wanaotaka wanafunzi wafuge kuku na kuoka mikate. Mimi nasema tuanze na wakfu, yaani mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu, isiyouzwa wala kurithiwa, na mapato yake yakasaidia madrasa. Gontor, madrasa ya bweni ya Indonesia, ilianzishwa 1926, na mwaka 1958 waanzilishi wakaitoa yote wakfu. Si mali ya ukoo tena, na ina mashamba ya mpunga. Kwetu, mudiri, yaani mkuu wa madrasa, akifariki, tunaanza kuulizana ploti ni ya nani.

Mzazi, Kisauni
Ndugu yangu, hiyo Gontor pia ina maduka, na wanaoyaendesha ni walimu na wanafunzi wenyewe. Mbona hilo hukulisema? Nabii Daud, alayhi salaam, alikula kwa kazi ya mkono wake. Mwanangu akihifadhi Qur'ani na akajua kushona, ubaya uko wapi? Na wakfu tunao tangu enzi za mababu. Hesabu zake nani kaziona?

Mwanzisha mada
Mama, ufundi naukubali, tena uwe somo kamili. Ninachokataa ni bili ya stima kutegemea mikate, maana siku oda ikizidi mtoto atatolewa kwenye hifdhi akakande unga. Gontor wana walimu wengi wanaoishi mle mle. Madrasa zetu nyingi zina ustadhi mmoja anayefundisha, kupika na kuchangisha.

Kuhusu hesabu umenena kweli, na hapo ndipo penye kazi. Watu wachangiane wanunue duka moja Kongowea, waliandikishe kwa Tume ya Wakfu iliyo hapa hapa Mombasa. Hati iseme wazi: kodi ni ya chakula na mishahara, baada ya kutenga fungu la ukarabati. Msimamizi asiwe mudiri wala shemeji yake. Hesabu zibandikwe msikitini kila miezi mitatu, pamoja na jina la mpangaji na anacholipa. Zaka isinunue jengo. Iende kwa yatima na mafukara walio darasani leo.

Wenye maduka Marikiti, kodi ya duka moja italisha watoto wangapi? Leteni hesabu.