Kikundi cha familia: kadi ya kamera ya gari inajaa

Rehema: Shikamooni wakubwa. Kamera ya gari inaandika "kadi imejaa" na imewekwa ifute video za zamani yenyewe. Kadi ni ya GB 64. Kibovu ni kadi au kamera?

Mjomba Salim: Marahaba mwanangu. Usinunue kadi nyingine kwanza. Ingia kwenye setingi, tafuta G-sensor, yaani sensa ya mtikisiko. Imewekwa kiwango cha chini, kati au juu?

Rehema: Juu. Si ndiyo inalinda zaidi?

Mjomba Salim: Hapana, na hilo neno limewachanganya wengi. "Juu" maana yake sensa inashtuka upesi, hata kwa mtikisiko mdogo. Kila ikishtuka, faili inayorekodiwa inapigwa kufuli na kuwekwa folda ya matukio. Kamera ikianza kufuta video za zamani, zenye kufuli inaziruka. Zikirundikana, pa kurekodia hapabaki.

Hamisi: Tupige hesabu. Video ya 1080p ya megabiti 15 kwa sekunde inakula karibu GB 6.75 kwa saa. Faili ya dakika 3 ni kama MB 340. Matuta na mashimo yakifunga faili 10 kwa siku, hiyo ni GB 3.4. Kadi yako inajaa kabla ya wiki tatu, na hakuna ajali hata moja.

Hamisi: Zipo kamera zinazotenga sehemu ya kadi kwa matukio, likija jipya la zamani linafutwa. Hizo hazijai, ila zina hatari mbaya zaidi: shimo la leo linafuta ajali ya juzi.

Shemeji Daudi: Kwani sensa yenyewe haiwezi kutofautisha shimo na ajali?

Hamisi: Kwa shida, shemeji. Ndani ya chipu kuna kipande kidogo mno cha silikoni kinachoning'inia kwenye springi. Gari likitikisika kinasogea, umeme kati yake na vibao vya pembeni unabadilika, chipu inapima badiliko hilo. Inapima mbele-nyuma, kushoto-kulia na juu-chini. Breki kali kwenye lami kavu ni karibu g 0.8 hadi 1 (g 1 ni sawa na nguvu ya mvuto wa dunia). Shimo linaweza kupita hapo, ila kwa kitambo kifupi sana na zaidi juu-chini. Kamera ikiruhusu kuweka kila upande kivyake, juu-chini ifanye nzito kushtuka, mbele-nyuma ifanye nyepesi.

Mjomba Salim: Rehema, fanya hivi. Nakili video unazozitaka. Fomati kadi ndani ya kamera yenyewe. Weka sensa kiwango cha "chini". Pita njia zako za kawaida siku mbili tatu, kisha fungua folda ya matukio. Ukikuta faili kila tuta, huenda shida iko kwenye kishikizo: kikilegea, kamera inatikisika kuliko gari. Futa kioo kwa spiriti, bandika upya kwa gundi mpya, gandamiza vizuri.

Shangazi Mwanaidi: Na gari likiwa limeegeshwa usiku, inaona mtu akipita?

Hamisi: Hapo kuna njia mbili, shangazi. Sensa ya mtikisiko inaamka gari likigongwa tu. Kutambua mwendo ni kamera kulinganisha picha na picha, kwa hiyo hata tawi au taa za gari jingine zinaiamsha. Njia zote mbili zinahitaji umeme wa kudumu. Tumia kifaa cha kuunganisha kamera na betri kwa waya (hardwire kit), chenye kukata umeme betri ikishuka, na kwa betri ya volti 12 weka ikate kwenye 12.2. Ukiiacha ishuke hadi 11.8, asubuhi huenda injini isiwake. Waya wa ethi (wa ardhi) ufungwe kwenye nati inayoshika bodi, chuma kwa chuma. Rangi ikibaki katikati kamera inazimika ovyo.

Shangazi Mwanaidi: Je, nikichukua ile kamera ya nyumbani inayohisi mtu, niiweke ndani ya gari?

Hamisi: Haitafanya kazi. Nyingi zinatumia PIR, inayohisi joto la mwili likisogea. Joto hilo halipiti kwenye kioo, kwa hiyo mtu akisimama nje ya dirisha sensa haimjui. Hata nyumbani usiiweke nyuma ya dirisha. Ielekeze ili mtu apite mbele yake kwa ubavu. Anayeijia moja kwa moja inachelewa kumwona. Na hewa ikikaribia joto la mwili, nyuzi 35 na kuendelea, inapungua nguvu.

Shemeji Daudi: Yenye rada je?

Hamisi: Rada inapita kioo na plastiki. Ila feni na pazia navyo inaviona.

Rehema: Nimeelewa. Naitoa kadi sasa hivi ninakili.

Mjomba Salim: Zima kamera kwanza, subiri taa yake izimike kabisa. Ukichomoa kadi ikiwa bado inaandika, faili ya mwisho inaharibika.