MREJESHO: Maandalizi ya harusi na selimundu

Habari zenu wapendwa. Niliwaomba ushauri kuhusu vikao vya harusi, michango na simu za usiku, maana nina selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu) na uchovu ulikuwa unaniamshia maumivu ya mifupa. Asanteni sana.

Simu za kamati sasa anapokea mama mdogo. Mweka hazina akitaka kujua rangi ya vitambaa vya ukumbini, anamuuliza yeye. Sendofu tumeifuta, kicheni pati imebaki, mchana, nyumbani kwa shangazi. Mama mkwe alinuna kidogo, lakini baada ya mchumba wangu kumweleza alinielewa, Mungu ambariki.

Daktari amesisitiza nisiruke dawa zangu, haidroksiurea (ya kupunguza vipindi vya maumivu) wala foliki asidi (vitamini ya kusaidia kutengeneza damu), ninywe maji ya kutosha hata nikishavaa gauni, na nisikae kwenye baridi. Kwa hiyo kiti changu hakitakuwa chini ya kiyoyozi, na msimamizi wangu atabeba chupa ya maji na shali.

Mchumba alishapima, ni AA, yaani hana kinasaba cha selimundu. Watoto wetu watarithi kinasaba hicho kutoka kwangu tu, kwa hiyo hawataugua, na hilo limenipa usingizi.

Dada mlioolewa mkiwa na hali hii, siku yenyewe mlipumzika saa ngapi?