Nahau za Kiingereza kwenye madaftari ya watoto: zina faida au tunawapotezea muda?

BabaNeema
Wakuu, heshima kwenu. Binti yangu yuko darasa la sita, shule ya mchepuo wa Kiingereza hapa Dar. Jana kaniletea daftari nikague. Walipewa orodha ya nahau za Kiingereza, kila moja waitungie sentensi. Kwenye "kick the bucket" kaandika hivi: "My dear grandfather kicked the bucket in Dodoma and we went to bury him." Mwalimu kampigia vema kubwa ya wino mwekundu, na pembeni "Good!".

Sasa jamani. Hiyo nahau Waingereza wenyewe huisema kwa mzaha. Ni kama mtu asimame msibani, wafiwa wamekaa mkekani, aseme "mzee amekata moto". Nani angemwacha amalize? Naona misemo hii ifutwe kwenye shule za msingi, maana hata anayeifundisha hajui inasemwa na nani, kwa nani. Mwisho wa siku mtoto anahitaji Kiingereza cha kuelewana na watu, si mapambo.

Bi_Mkasi
"Mwisho wa siku"! Baba Neema, unamkimbiza mwizi huku umevaa shati lake.

Mwalimu_wa_Zamu
"Hata anayeifundisha hajui." Ahsante sana mkuu, tumepokea. Mimi nafundisha somo hilohilo. Madaftari yanajaa meza, mengine nabeba nyumbani nasahihishia kwenye mwanga wa simu. Kwenye zoezi kama hilo naangalia vitu viwili: nahau imetumika kwa maana yake? Babu amefariki, kwa hiyo ndiyo. Kitenzi kimekaa wakati uliopita? "Kicked", kimekaa. Vema. Ulitaka niandike na salamu za rambirambi?

BabaNeema
Mwalimu, sikukutaja wewe.

Mwalimu_wa_Zamu
Umetaja "anayeifundisha". Hapa ni nani mwingine, dereva wa basi la shule?

MtuWaNakuru
Wacheni nichangie kutoka huku Kenya. Sisi tulikaririshwa hizo vitu hadi zikatutoka puani. Kila insha ya Kiingereza, mtoto aliamka "as fit as a fiddle", na hiyo fidla hakuna aliyewahi kuiona. Na msidhani ni Kiingereza pekee. Insha ya Kiswahili nayo ilikuwa "nilirauka macheo", jogoo akawika, ndege wakatumbuiza, hata kama kichwa cha insha ni ajali ya matatu. KCPE, mtihani wetu wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa mara ya mwisho 2023, lakini tabia imebaki. Sababu ni moja tu: msahihishaji anatoa alama kwa mapambo. Ukitaka nahau ipungue, badilisha kinachopewa alama. Kufuta orodha peke yake hakutasaidia.

Ila pia tuambiane ukweli, angalau sisi tukifika kwenye intavyuu tunaongea.

Kocha_Mchambuzi
Yaani jirani hawezi kumaliza maelezo bila kututupia hilo la intavyuu! Mnaongea, sawa. Mnaongea nini? Ripoti ya shule kwenu mwalimu anaandika mtoto "avute soksi". Soksi! Mtoto amekuja na ndala.

MtuWaNakuru
Vuta soksi ina shida gani? Kila mtu anaelewa.

Kocha_Mchambuzi
Huku tunasema kaza buti. Kiswahili safi.

Bi_Mkasi
Na hilo buti limeshonwa Pangani?

Kocha_Mchambuzi
Bi Mkasi, niache.

Mhariri_Mstaafu
Naomba nirudi kwenye "mwisho wa siku", maana nimekaa chumba cha habari miaka mingi na najua mlango iliopitia. Habari ya shirika la nje inaingia kwa Kiingereza. Taarifa ya saa mbili usiku imekaribia, msomaji ameshakaa kwenye kiti, mtayarishaji anagonga kioo. Mfasiri akikutana na "at the end of the day" hana muda wa kujiuliza Mswahili angesemaje. Anashika neno kwa neno. Kesho yake mbunge ameisikia, keshokutwa iko bungeni, wiki ijayo iko kwenye mahubiri. "Ncha ya barafu" nayo ilipita hukohuko, katika nchi ambayo barafu wengi wetu tunaijua ya kwenye friza. Na wakati wote huo "hatimaye", "mwishowe" na "mwisho wa yote" zipo, hazijaenda likizo.

Lakini nisiwe mkali kupita kiasi. Watoto wetu wanafundishwa methali "vyote ving'aavyo si dhahabu", na mzee yeyote atakwambia ni ya mababu. Fungueni tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri, ikatoka 1969 kwa jina la *Mabepari wa Venisi*. Mwanamfalme wa Moroko anachagua sanduku la dhahabu akitumaini kupata mke, analifungua, anakuta fuvu na karatasi yenye maneno hayohayo. Na hata Shakespeare hakuyabuni, alikuta watu wa Ulaya wanayasema. Nani leo atathubutu kuyafuta kwenye kitabu cha methali?

BabaNeema
Mzee, hiyo imeingia kwa heshima. Mimi nalalamikia zinazoingia kwa fujo.

Bi_Mkasi
Tena kwetu Tanga hiyo "mwisho wa siku" inatuchanganya kabisa. Kwa wazee wetu siku inakwisha jua likizama. Ikiadhiniwa magharibi tumeshaingia siku nyingine. Alhamisi jioni, watu wakisha kuswali, huo ni usiku wa Ijumaa. Akija bwana wa mradi kwenye mkutano akasema "mwisho wa siku wananchi watafaidika", mama mmoja aliyekaa mbele akauliza: kabla ya futari au baada?

Msafiri_wa_Moro
Mimi nilisikia "raining cats and dogs", yaani mvua kubwa, inatokana na Waingereza wa zamani kuwa na nyumba za nyasi, paka na mbwa wakilala juu ya paa, mvua ikija wanaporomoka. Ndiyo raha ya nahau, zina historia.

Mhariri_Mstaafu
Hicho ni kisa kilichozunguka kwa barua pepe tangu 1999, hakina ushahidi. Mbwa alale juu ya paa afuate nini? Jonathan Swift aliutumia msemo huo kwenye kitabu cha 1738 alichowadhihaki watu wa tabaka la juu kwa kuongea misemo iliyochakaa. Yaani wakati ule tayari ulikuwa umechosha. Sisi ndiyo kwanza tunawapa watoto wautungie sentensi.

Kocha_Mchambuzi
Kwenye mpira msituguse lakini. "Kupaki basi", timu nzima kurudi kulinda goli, ni Kiswahili halali sasa, hata bibi yangu anaijua. Aliianzisha kocha Mourinho, Inter walipowazuia Barcelona 2010.

MtuWaNakuru
Bro, hapana. Ni 2004, Chelsea na Tottenham, sare ya bila kwa bila. Na yeye alikuwa analalamika kwamba *Spurs* ndio wameleta basi wakaliacha mbele ya goli. Akasema ndivyo wanavyosema kwao Ureno. Kwa hivyo hata Mwingereza aliokota tu.

Kocha_Mchambuzi
2004 au 2010, basi ni lilelile. Na dereva baadaye akawa yeye mwenyewe.

Msafiri_wa_Moro
Tukizungumzia mabasi, wale jamaa wa Jangwani juzi...

Mwalimu_wa_Zamu
Tafadhali Simba na Yanga zisiingie humu, hatutatoka.

Baba Neema, hasira zimenipungua, nikujibu kama mwalimu. Tatizo ni jinsi orodha inavyokuja: nahau upande mmoja, maana upande wa pili, "kick the bucket = die", basi. Mtoto ataonaje tofauti? Mimi ningeongeza safu ya tatu: anayesema na anayeambiwa. "Pass away", unaweza kumwambia mfiwa, ni kama "kuaga dunia". "Kick the bucket", na rafiki yako mkitaniana, kamwe si msibani. Nahau zikiwa chache darasa linaweza. Zikiwa ukurasa mzima kwa kipindi kimoja, hapana, na silabasi inasubiri.

BabaNeema
Hapo tumeelewana. Sasa nimwandikie mwalimu wake kwenye daftari, au niende mwenyewe? Maana nikiandika kwa Kiingereza...

Bi_Mkasi
Nenda mwenyewe. Usije ukaandika nahau.

MtuWaNakuru
Na hoja yangu ya alama za mtihani hakuna hata mmoja aliyeijibu.

Kocha_Mchambuzi
Tutakujibu ukishavuta soksi.