Tupeane uzoefu: timu uliyoshangilia hapa Uganda ambayo leo haipo

Habari zenu wakuu. Ukisema Simba siku hizi kila kijana anawaza ile ya Dar, lakini sisi Uganda tulikuwa na Simba yetu ya jeshi, bingwa wa ligi 1971 na 1978, na ndiyo timu ya kwanza ya Afrika Mashariki kucheza fainali ya klabu bingwa Afrika, 1972. Hafia ya Guinea ilitufunga 4-2 kule Conakry halafu 3-2 hapa Kampala. Nchi ilikuwa na hali mbaya, Wahindi wametoka kufukuzwa juzijuzi, lakini marehemu baba alikuwa akiisimulia hiyo mechi ya Kampala goli kwa goli mpaka uzeeni.

Baba alikuwa mwanajeshi wa stoo, yeye ndiye aliyekuwa akitunza mipira. Ilikuwa ya ngozi, ikinyeshewa inakuwa mizito kama jiwe, kwa hiyo jioni anakaa mlangoni anaipaka mafuta ya ng'ombe kwa kitambaa, kota nzima inanuka, na mimi nashika tochi. Nilikuwa na miaka 9 tulipochukua ligi ya 1978. Aprili 1979 Amin akaanguka, tukatoka kambini usiku kwa miguu, mama akaichana picha ya timu ambayo baba amesimama pembeni na pampu mkononi, maana kujulikana kwamba ni familia ya mwanajeshi ilikuwa hatari. Sijaiona picha nyingine ya baba akiwa kijana. Baadaye timu ya jeshi ikaitwa UPDF, kama jeshi lenyewe la Uganda linavyoitwa sasa, jina la Simba likaachwa. Karibuni, leteni za kwenu.

Mchangiaji 2:
Pole sana kaka. Mimi ni UCB, timu ya benki ya Uganda Commercial Bank, mabingwa 1979. Shangazi yangu alikuwa karani pale, siku ya mechi anatoka kazini na viatu vyake vya kisigino moja kwa moja mpaka uwanja wa Nakivubo, akirudi sauti imekauka hawezi hata kuagiza chai. Benki yenyewe iliuzwa 2002. Kitabu chake cha akiba bado anacho, kimefungwa kwenye leso pamoja na vyeti vya ubatizo, ukikigusa anakuuliza unatafuta nini.

Mchangiaji 3:
Coffee, timu ya bodi ya kahawa!! Banange mmenikumbusha. Mama alikuwa anachambua kahawa kiwandani Bugolobi, tulikuwa tunaishangilia kwa sababu ndiyo iliyokuwa inatulisha. Bodi ikanyang'anywa ukiritimba mwanzoni mwa miaka ya 90, mama akarudi nyumbani, na timu nayo ikafifia.

Mchangiaji 4:
Mimi wa Express, klabu ya hapa Kampala ambayo bado ipo, samahani kama naingilia. Sisi tulifungiwa 1977 na utawala wa Amin, lakini Amin alipoondoka tukarudi kwa sababu wenye timu walikuwa mtaani, mzee wangu na wenzake walikuwa bado wanakutana. Hizi zenu zilikuwa za mwajiri, mwajiri akiondoka hakuna wa kuziokota, na inaniuma kwa sababu hao wachezaji walitupa raha sisi wote bila kujali timu.

Mleta mada:
Asante mkuu, umenigusa. Kama kuna mtu ana picha yoyote ya Simba ya 1978, hata iliyokunjika au kukatika, naomba aiweke hapa. Mtafuteni mwenye pampu, upande wa kushoto.