Naomba ushauri: kuhifadhi nyanya kwenye chupa

Hamjambo wapendwa. Niko Njoro, na nyanya za shambani zimeiva zote kwa wakati mmoja. Watoto wa dada yangu wanakuja kutoka Kisumu likizo hii ya Agosti, lakini hata wao hawatazimaliza, na kuzitupa kunaniuma sana. Nimezipika rojo, nikatia maji ya ndimu, nikajaza chupa za jemu zilizochemshwa, nikafunga na kuzichemsha tena. Baadhi ya vifuniko vimefura; hizo nimezimwaga. Huku juu maji huchemka karibu nyuzi 93, hayafiki 100. Je, nichemshe chupa zilizofungwa kwa dakika ngapi? Na vifuniko vya zamani vinafaa tena, au lazima ninunue vipya?