Mianzi ya njano, nitajuaje ipi ni ipi?

mama_bustani (Arusha): Wadau, kwenye fensi nina mianzi ya njano, yote ina michirizi ya kijani, muuza miche alisema ni aina moja ila mimi nakataa maana mmoja ushaanza kuchomoza huko kwa jirani. Natofautishaje?

fundi_miche: Dada rangi achana nayo kwanza. Shika pingili pale juu ya matawi, ukikuta kuna mfereji (sehemu iliyobonyea kwa urefu wa pingili) na matawi makubwa mawili tu kwa kila fundo hiyo ni Phyllostachys, inatambaa chini kwa chini. Ikiwa mviringo na matawi kibao ni Bambusa, hiyo inakaa shada moja haina shida.

kaka_limuru: Mfereji kijani na kwingine njano ni Phyllostachys aureosulcata 'Spectabilis'. Ule mnene wenye michirizi ovyo ovyo ni Bambusa vulgaris 'Vittata', ndo umejaa kwenye mageti ya watu. Mwembamba, machipukizi yana kapinki? Hiyo ni Bambusa pia, aina ya 'Alphonse Karr'.

mama_bustani: Nimetoka kucheki, una mfereji!! jirani ataniua

fundi_miche: Chimba mtaro wa kina cha kama sm 60 upande wa jirani, mizizi ikitokeza unakata. Na machipukizi yaliyotokeza kwa jirani kateni yakiwa bado laini