Unga wa arrowroot si ndio nduma zetu hizi? Nimewashwa hadi kooni

Mama Tito, Kutus
Habari zenu wadau. Nisaidieni kabla sijamwaga kilo tatu za unga.

Kifungua mimba wangu hapatani na ngano, daktari ametuambia tuachane nayo kabisa. Nikapata maelezo ya biskuti zisizo na ngano, yanataka vijiko viwili vya unga wa arrowroot. Nairobi kapakiti kake ni kadogo na bei yake inatisha, na huku baba mkwe ana nduma za kugawia watu kule kando ya mto Thiba. Nikajiambia, ninunue kitu ninacho nyumbani kwani nimerogwa?

Nikamenya, nikakata vipande vyembamba, nikaanika juu ya mabati siku nne hadi vikawa vinalia kama vigae. Nikapeleka kwa mashine ya kusaga. Mwenye mashine akaanza kupiga chafya, kisha kujikuna shingo, kisha akaniuliza kwa heshima kama ndani kuna pilipili. Unga ukatoka wa kijivu. Biskuti niliziogopa, nikaujaribu kwanza kwenye mchuzi uwe mzito. Nikakoroga dakika mbili nikaepua. Ukavutika kama mlenda, na nilipoonja ulimi ukaanza kuchomachoma, koo likawasha mpaka usiku. Nashukuru Mungu mtoto sikuwa nimempa.

Nimekosea wapi? Sikukausha vya kutosha, ama nduma za mtoni ndizo mbaya?

Mkulima wa Sagana
Pole mama, ingawa huyo wa mashine amenichekesha. Za mtoni usizisingizie. Mimi nimepanda kwenye mitaro ya karatasi ya nailoni, mbali kabisa na mto, na mtu akiniivishia nusunusu zinawasha vilevile. Kosa ni kusaga mbichi. Nduma ni ya kuchemsha hadi kisu kipite chenyewe.

Mpemba wa Maabara
Pole sana Mama Tito. Hapo mkulima kasema kweli, ila shida yako ilianzia kwenye jina.

Nduma huko kwenu mnaiita arrowroot mkizungumza Kiingereza, lakini mmea wenyewe ni Colocasia esculenta, majimbi yetu sisi, magimbi ya watu wa Dar. Arrowroot ya pakiti hutoka kwenye Maranta arundinacea, mmea wa Amerika ya kitropiki uliovumishwa na kisiwa cha Saint Vincent. Si ndugu hata wa mbali. Huo wa Maranta uko karibu zaidi na tangawizi na mgomba kuliko na nduma. Tena kilichomo kwenye pakiti si kiazi kizima kilichosagwa. Mizizi hupondwa, huchujwa, wanga ukatuama chini na maji yakamwagwa. Wewe ulisaga nduma nzima pamoja na utelezi wake, ndiyo ukapata mlenda.

Wanafunzi wangu huwa nawapa hadubini na vioo viwili visivyo na majina. Kwenye kioo cha Maranta wanaona punje moja moja kama kokoto za ufukweni, nyingi kati ya mikroni 10 na 50 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Kwenye majimbi wanadhani kioo kimechafuka: ni vumbi tu, mikroni 1 hadi 5. Udogo huo unasaidia majimbi kumeng'enywa kwa urahisi, lakini ukitaka kuutoa wanga wake nyumbani utachoka, kwani punje zinaelea kwenye utelezi na hazitaki kutuama.

Halafu lazima mmoja aulize, "Mwalimu, hizi njiti ni nini?" Ni sindano za kalsiamu oksaleti, zimefungwa vifungu kama njiti za kiberiti. Kuchemsha hakuziyeyushi. Kwa nini basi jimbi lililoiva haliwashi? Mwaka 1998 Bradbury na Nixon waliripoti kwamba kwenye sindano hizo kuna kimeng'enya kinachokata protini. Mwaka 2014 watafiti wa Japani wakafanya jaribio ninalolipenda mno. Walichukua sindano za namna hiyo kutoka kwenye tunda la kiwi, wakazipaka kwenye majani ya mbarika, wakawapa viwavi wa hariri. Sindano peke yake, viwavi hawakudhurika sana. Kimeng'enya peke yake, vivyo hivyo. Vyote viwili pamoja, wakafa. Sindano inatoboa, kimeng'enya kinaingilia tundu hilo. Moto wa sufuria unakiharibu kimeng'enya, sindano inabaki haina mwenzake. Jua la juu ya mabati halifiki huko, na dakika mbili za mchuzi hazitoshi.

Sisi wa pwani tuna arrowroot yetu pia, uwanga, Tacca leontopetaloides. Bibi yangu kule Micheweni aliuchimba jani likishakauka. Ni mchungu, kwa hiyo alikuwa anakuna, analoweka, anamwaga maji, analoweka tena, kila asubuhi akigusisha ncha ya ulimi hadi aridhike. Mwingine ulipikwa uji, mwingine ulipiga kanzu ya babu ya Idi hadi ikakaribia kusimama bila babu. Huo "wanga" wa vitabu vya shule ndilo jina hilo hilo.

Unga ulionao usimpe mtoto. Siku nyingine chemsha vipande viive kabisa, ndipo uanike na kusaga. Utafaa kwa uji. Kwa biskuti tumia wanga wa muhogo mtamu. Kuna, kamua kwenye kitambaa, acha utuame, mwaga maji, anika. Kipimo ni vijiko viwili vilevile.

Mkulima wa Sagana
Kwa hivyo miaka hii yote nauza arrowroot pale Kagio na si arrowroot?

Mpemba wa Maabara
Endelea kuuza kaka, wateja wako wanakijua wanachokula. Siku ukisafirisha nje, hapo jina liangalie.

Mama Tito, Kutus
Nimerudi baada ya wiki mbili. Kilo mbili za muhogo zimenipa kikombe na nusu hivi cha wanga, mweupe hadi nikauonea fahari. Trei ya kwanza ya biskuti ilivunjika yote, nikaongeza yai, ya pili ikashikana. Tito amekula sita na kuficha mbili.

Nduma nazo nilizichemsha, nikaanika, nikapeleka kusagwa. Mwenye mashine amekataa kuziwashia mota mpaka nitafune kipande mbele yake. Nikatafuna. Akaniangalia kama dakika tano nzima hivi, ndipo akawasha.